Darasa la madereva waliohukumiwa kwa ulevi: namna ya kuliendesha Nyanda za Juu Kusini

Dereva aliyekamatwa amelewa Mafinga, akalipa faini Jumatatu, na Ijumaa akarudi kilabuni na funguo zilezile mfukoni, ametozwa tu. Hakuna aliyemsaidia kubadilika. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kumshika mkono baada ya hukumu: afisa probesheni (anayewasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya gereza), ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, viongozi wa bodaboda na wa madereva wa mabasi na malori, na vikundi vya makanisani na misikitini ambavyo tayari vina watu walioacha pombe.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Darasa hili lipo ili pombe na usukani visikutane. Kwa wengine hilo maana yake ni kuacha pombe kabisa, kwa sababu wakishaanza hawawezi kusimama. Kwa wengine maana yake ni funguo kubaki nyumbani siku ya kunywa. Ukiwachanganya watu wa aina hizi mbili bila kuwapima, wa kwanza utampoteza na wa pili atakuona unamhubiria.

Sheria inasemaje, kwa ufupi

Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kikomo kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Anayeendesha chombo cha biashara hatakiwi kuwa na kilevi chochote. Bodaboda na bajaji wanaobeba abiria kwa malipo wajihesabu kwenye kundi hili la pili, na waambiwe hivyo siku ya kwanza, maana wengi hudhani sifuri ni ya basi na lori pekee.

Hakimu anaweza kutoza faini, kufunga, na kumzuia mtu kuendesha kwa muda. Anaweza pia kutumia sheria ya uangalizi wa wakosaji, au Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, na hapo ndipo afisa probesheni anapoingia. Darasa linashikamana na njia hii: kuhudhuria kunakuwa sehemu ya masharti ya uangalizi, au dereva anajiandikisha kwa hiari na afisa anaandika hivyo kwenye taarifa yake.

Uingereza mahakama humpa aliyefungiwa leseni miezi 12 au zaidi nafasi ya kozi ya saa 16, inayogawanywa kwa siku zisizopungua 3, na akiimaliza muda wa kufungiwa hupungua kwa kiasi cha robo. Hesabu ya saa 16 ni nzuri na tunaitumia hapa. Ile ya punguzo usiiahidi. Hilo ni la hakimu, na mtu aliyekuja akitarajia punguzo asilipate huondoka wiki ya tatu na hasira kuliko alivyoingia.

Mpime kabla hajakaa kwenye benchi

Kila mmoja aitwe peke yake, dakika 40 zinatosha. Tumia maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayojulikana kama AUDIT. Toleo lake la Kiswahili limefanyiwa utafiti katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa watu walioumia kichwa, kwa hiyo huna haja ya kujitungia maswali. Yanauliza anakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku, mara ngapi anafikia vipimo sita vya pombe au zaidi kwa kikao kimoja, kama hushindwa kusimama akishaanza, kama huhitaji kuzimua asubuhi, kama husahau ya jana yake, kama aliwahi kujiumiza au kuumiza mtu, na kama ndugu au daktari amewahi kumwambia apunguze. Jumla ya juu ni 40.

Aliyepata chini ya 8 au kati ya 8 na 15 anaingia darasani moja kwa moja. Mwenye 16 hadi 19 anaingia darasani na pia anaonwa peke yake kila wiki. Mwenye 20 na kuendelea apelekwe hospitali kwanza. Usimwonee haya kwa kumwingiza darasani ili asijisikie vibaya.

Sababu yake ni hii. Mtu ambaye mwili umezoea pombe kila siku akikatishwa ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo huenda mbio, chakula hakikai tumboni, usingizi hupotea. Degedege, ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu au watu ambao hawapo, joto la mwili hupanda. Hali hiyo huua. Ndugu wengi huiita mapepo, wakamfungia chumbani wakimwombea. Maombi yaendelee, lakini yaendelee akiwa kitandani hospitalini: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali za rufaa za mikoa ya Iringa na Njombe, au Tosamaganga kwa walio jirani. Huko hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu kwa dozi inayoshuka siku hadi siku, na vitamini B1. Muuguzi aliye karibu na kikundi chenu akumbushwe kwamba kwa mlevi wa muda mrefu B1 hutangulia dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikiingia mwili ukiwa hauna B1 ubongo unaweza kudhurika.

Mpaka afike hospitali, usimnyang'anye pombe ghafla na usimruhusu kugusa funguo. Vyote viwili kwa pamoja. Akitoka hospitali, tetemeko limeisha na akili imetulia, ndipo darasa linakuwa na maana kwake. Anayehitaji mahali pa kukaa kwa miezi anaweza kwenda nyumba ya upataji nafuu, ile ambayo watu huiita soba hausi. Kabla ya kumpeleka, uliza kama imesajiliwa na kama kuna mtaalamu wa afya anayefika.

Chumba, watu na vifaa

Kundi liwe la watu 8 hadi 12. Wakipungua chini ya 6 mazungumzo hufa. Wakizidi 12 wawili watatu hujificha nyuma na kuhesabiwa kuwa wamehudhuria. Waongozaji wawe wawili: mmoja mwenye mafunzo ya ushauri nasaha au ustawi wa jamii, mwingine dereva mzoefu anayeijua njia. Mkufunzi wa udereva wa VETA anafaa sana. Askari wa trafiki aalikwe kipindi kimoja tu, cha gari na mwili, kwa kuwa akikaa vyote hakuna atakayesema ukweli.

Ukumbi usiwe kituo cha polisi, na usiwe jirani na kilabu. Ofisi ya kata au darasa la shule baada ya masomo hufaa. Usipange siku ya gulio, na uangalie msimu: mavuno ya kahawa Mbozi, mpunga Mbarali na Kyela, viazi Makete na Njombe, malipo ya chai na mbao Mufindi. Fedha zikiingia, pombe huongezeka na mahudhurio hushuka. Kwa hiyo anzisha darasa wiki 3 kabla ya msimu wa malipo, ili fedha ziwakute wakiwa katikati ya kazi.

Vifaa: mizani ya kupimia uzito wa mwili, jagi la lita 1 lenye alama, bilauri 3 za ukubwa tofauti, chupa tupu ya bia ya mililita 500, chupa tupu ya pombe kali ya mililita 200, kopo la kilabuni, daftari moja kwa kila mtu, futi ya mita 50, na kipima ulevi cha pumzi chenye midomo ya kubadilisha. Vyombo vyote vioshwe mpaka harufu itoke. Kwa mtu aliye na wiki mbili bila pombe, harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, peke yake inatosha kuamsha kiu.

Kipima ulevi kina tabia zake. Mpimwaji akae dakika 15 bila kunywa, kula wala kuvuta sigara, vinginevyo kilevi kilichobaki mdomoni hupandisha namba. Kirekebishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi miezi 6 au 12. Kisilale kwenye gari Juni na Julai: Makete na Njombe baridi ya usiku hukishusha chini ya joto kinachofanyia kazi, na asubuhi hukataa kuwaka au hutoa namba ya uongo. Kiweke ndani, kipate joto la chumba nusu saa kabla. Namba ya darasani ni ya kujifunzia na ya kulinda usalama, haiendi mahakamani.

Wiki nane

Saa 2 kwa wiki, wiki 8, jumla saa 16. Kuzibana kwa siku tatu mfululizo kunawezekana, lakini kwetu kuna faida kubwa ya kumwacha mtu akutane na Jumamosi saba katikati ya darasa, kila moja arudi na habari yake.

Wiki ya kwanza fanyeni zoezi tunaloliita kurudisha siku nyuma. Kila mmoja aandike siku aliyokamatwa, saa kwa saa, akianzia pale trafiki alipomsimamisha na kurudi nyuma saa 12. Usiulize kwa nini alilewa. Uliza funguo zilikuwa wapi kila saa. Mtu anayesema "nilikunywa mbili tu" hugundua kwamba saa 10 jioni alipita nyumbani kubadili shati, gari angeweza kuliacha pale, na hakuliacha kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Weka duara pale. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho aliyokuwa na akili timamu na njia nyingine, na kazi yote ya darasa inaizunguka. Baada ya bilauri ya tatu hakuna uamuzi wa kutegemewa, kwa kuwa kiungo kinachoamua ndicho kilicholewa kwanza.

Wiki ya pili na ya tatu ni hesabu ya pombe. Ipeni hesabu hiyo muda. Madereva ni watu wa hesabu, wanajua lita za dizeli kwa kilomita, na hesabu huwagusa kuliko mahubiri.

Kanuni ni hii: mililita mara asilimia ya kilevi mara 0.8, gawanya kwa 100, unapata gramu za kilevi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Kachupa ka pombe kali ka mililita 200 chenye asilimia 35 kana gramu 56, karibu bia tatu kwenye kitu kinachoingia mfuko wa mlango wa lori. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku Machi 2017. Chupa hizi ndogo ndizo zilizochukua nafasi yake, kwa hiyo zihesabuni kwa makini.

Sasa ulanzi, na hapa Iringa na Njombe ndipo watu huanguka. Mtogwa uliogemwa leo ni mtamu na una kilevi kidogo. Lakini chachu imo ndani na inaendelea kula sukari kwenye dumu, barabarani, kilabuni, kila saa. Utamu unashuka, kilevi kinapanda, mpaka unakuwa mkangafu. Mnywaji anahesabu lita, na lita ya asubuhi na lita ya kesho yake jioni si kitu kimoja. Ukiuhesabu mkangafu kwa asilimia 5, lita moja ina gramu 40, sawa na bia mbili. Dereva anayesema "nimegusa ulanzi lita tatu tu, ni juisi" amebeba sawa na bia sita. Ulanzi hauna kibandiko, kwa hiyo kanuni ya darasa ni kuuhesabu wote kama mkangafu. Msimu wake ni wa mvua, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoleta utelezi na ukungu barabarani.

Komoni na kimpumu hudanganya kwa njia nyingine. Ni nzito kwa nafaka, tumbo hujaa, mtu hujiona amekula. Kilevi hakijapungua. Gongo usiiingize kwenye hesabu: ni haramu, nguvu yake haijulikani, na anayeinywa hana njia ya kupanga chochote.

Baada ya gramu, damu. Gawanya gramu kwa uzito wa mwili uliozidishwa kwa 0.7 kwa mwanamume au 0.6 kwa mwanamke, kisha zidisha kwa 100. Unapata makadirio ya miligramu katika mililita 100 za damu. Halafu toa 15 kwa kila saa iliyopita tangu aanze kunywa, kwa kuwa ini huondoa kiasi hicho na haliharakishwi. Mwanamke wa kilo 60 aliyekunywa bia mbili haraka anafika 111, ameshavuka kikomo.

Fanyeni mfano huu ubaoni, polepole. Dereva wa basi, kilo 70, anaanza saa 1 jioni na kumaliza saa 5 usiku, bia sita. Gramu 120. Kilo 70 mara 0.7 ni 49. Gramu 120 gawanya kwa 49, mara 100, ni 245. Saa nne zimepita, toa 60, zimebaki 185 anapopanda kitandani. Basi linaondoka stendi saa 12 asubuhi. Saa saba nyingine, toa 105. Anakaa kwenye usukani akiwa na 80, ameoga, amepiga mswaki, amekunywa supu, anajiona mzima. Sheria inamtaka sifuri, na sifuri ataifikia saa 5 na dakika 20 asubuhi. Huu ndio mfano unaonyamazisha chumba. Uache ukae ubaoni mpaka mwisho wa kipindi.

Hapohapo zikeni yale yanayosemwa vijiweni. Kahawa humfanya mlevi awe macho, lakini kilevi kiko palepale. Maji ya baridi, maziwa, limau, kutapika, kutoa jasho: havigusi kazi ya ini. Chakula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya kupanda, hakiifuti pombe. Kuzimua asubuhi huongeza deni. Na onya kuwa hesabu ni makadirio ya kujua ni saa ngapi huwezi kuendesha. Akitokea mtu anaitumia kutafuta bia ngapi anywe bila kukamatwa, mkatize hapohapo. Darasa litakuwa limegeuka shule ya kukwepa trafiki.

Wiki ya nne tokeni nje na futi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Pimeni mita 22 uwanjani, wekeni jiwe. Halafu mita 11, ambayo ni nusu sekunde ya kuchelewa kukanyaga breki. Mtu asimame kwenye jiwe la kwanza, mwenzake la pili, waangaliane. Kwa madereva wa malori zungumzeni mteremko: Iwambi, Inyala, Mlima Nyoka, Kitonga. Mteremko mrefu unashukwa kwa gia ndogo iliyochaguliwa juu kabla ya kuanza kushuka. Pombe huondoa subira kwanza. Dereva huchelewa kushusha gia, kasi inapanda, anategemea breki za miguu, zinachemka, zinapoteza mshiko, na kufikia hapo hata angekuwa hana tone gia haingii tena. Ndiyo maana kiasi kidogo ambacho kingepita salama kwenye tambarare ya Usangu kinaua mlimani.

Wiki ya tano ni ya familia na mwajiri, na ni ya mwaliko. Mke au mume, au mzazi, aje mmoja kwa kila mshiriki, kwa hiari yake. Kabla ya kumwalika mke, muulize faraghani kama yuko salama nyumbani; akisema hapana, hahusishwi na kazi ya kushika funguo hata kidogo, maana atapigwa kwa ajili yake. Mwajiri aulizwe mambo matatu: anaweza kupima pumzi kabla ya kukabidhi funguo, anaweza kutuma sehemu ya posho kwa simu kwenda nyumbani badala ya kumpa dereva yote mkononi, na dereva anakaa wapi foleni ya mpakani Tunduma ikichukua siku kadhaa. Swali la tatu ndilo zito. Dereva aliyekaa siku mbili kwenye foleni, hana kazi, ana posho mfukoni na kaunta mita 30 kutoka kwenye lori, atakunywa, na foleni itasogea wakati hajalevuka. Pasipo mpango wa foleni, darasa zima la dereva wa masafa ni kazi bure.

Mpango wa karatasi moja

Wiki ya sita kila mmoja anaandika mpango wake. Karatasi moja, majina halisi, namba halisi. Anywapo anywea wapi na siku gani. Funguo zinabaki kwa nani, na zinakabidhiwa kabla ya gramu ya kwanza. Chombo kinalala wapi. Nauli ya kurudi ni shilingi ngapi na imewekwa wapi kabla hajatoka. Bodaboda gani wawili atawapigia, wa kwanza asipopatikana. Kesho yake ataweza kuendesha saa ngapi, kwa hesabu ya wiki ya tatu. Kwa mwenye alama 20 na kuendelea mpango hauna sehemu ya kunywa. Unaanza na kliniki yake na mtu wa kumpigia kiu ikimshika saa 2 usiku.

Msipokee sentensi mbili. "Nitaangalia hali" si mpango. "Utingo ataendesha" hukataliwa mpaka utingo mwenyewe aonekane na leseni ya daraja linalotakiwa, na ijulikane kuwa yeye hanywi siku hiyo.

Kwa bodaboda tatizo halisi huwa ni wizi. Hawezi kuiacha pikipiki nje ya grosari, mara nyingi si yake, ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni. Ukimwambia "iache" bila kujibu itakaa wapi, unajisumbua. Kijiwe kikubaliane mahali pa kulaza pikipiki usiku, mnyororo na kufuli ya pamoja, na mlinzi anayelipwa na wote. Vijiwe vinavyofanya hivi hutatua nusu ya kazi ya darasa bila mafunzo yoyote.

Kisha ujaribuni mpango kwa usiku mbaya. Julai, Makambako, saa 4 usiku, upepo, simu imeisha chaji. Je, bado unasimama? Namba ziandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko, si kwenye simu pekee.

Kukataa bila kumvunjia mtu heshima

Wiki ya saba ni ya mdomo. Kwetu pombe ni heshima: inatolewa msibani, kwenye mahari, kazi ya kusaidiana shambani ikiisha. Kijana akisukuma kopo la mzee pembeni na kusema "sinywi", amemtukana. Kwa hiyo mfundisheni kupokea. Apige goti au ainame kama ilivyo desturi ya kwao, apokee kwa mikono miwili, ashukuru, kisha apitishe: "Shikamoo baba. Nimepokea na nimeshukuru. Leo nina usukani, naomba mdogo wangu anywe kwa niaba yangu." Mdogo wake awe ameandaliwa. Mkoani Iringa, baada ya "kamwene", mzee akishaona kopo limepokelewa hana ugomvi tena.

Kwa marafiki maneno yawe mafupi, yasiyo na maelezo. "Kaka, soda." Akishikiliwa, arudie yaleyale kwa sauti ileile mara tatu, halafu asimame aondoke. Kila sababu anayoitoa inajibiwa, kwa hiyo asitoe. Wafanye zoezi hili wawili wawili, mmoja akishawishi kwa nguvu kweli, dakika 5, kisha wabadilishane. Wanacheka mwanzoni. Mzunguko wa pili hacheki mtu, kwa sababu wanaanza kusikia sauti za wanaowajua.

Wiki ya nane kila mmoja anausimulia mpango wake bila karatasi, wenzake wanautoboa. Mahali palipotobolewa paandikwe upya palepale.

Yanayoharibu darasa

La kwanza ni aliyekuja amekunywa. Pima mlangoni kila kipindi, watu wote, waongozaji wakianza. Anayesoma zaidi ya sifuri haingii. Asifukuzwe tu, maana ataondoka na pikipiki yake: mpeni kiti nje, mtu wa kukaa naye, na usafiri wa kumrudisha. Kipindi kinahesabiwa kuwa hajahudhuria na atakirudia. Ikitokea mara ya pili, afisa probesheni ajulishwe kwa barua na mhusika apimwe upya kwa yale maswali 10. Mara nyingi alama za mwanzo zilikuwa za uongo.

La pili ni siri kuvuja. Miji yetu ni midogo. Kinachosemwa Jumatano Ilula kinafika sokoni Alhamisi. Afisa probesheni anapewa mambo mawili kwa maandishi: mahudhurio, na kama mpango umekamilika. Yaliyosemwa yanabaki chumbani, isipokuwa mtu akionyesha dhahiri kwamba anakwenda kuendesha amelewa au kumdhuru mtu. Kanuni hii isomwe siku ya kwanza na kila mmoja asaini.

La tatu ni saini za bure. Mtu anasaini kisha anatoka, au mwenzake anamsainia. Sainini mara mbili, kuingia na kutoka, mbele ya mwongozaji.

La nne ni kuaibisha. Picha za maiti, kumsimamisha mtu mbele ya kanisa, kumwita mlevi. Hofu ya picha huisha kwa siku chache na aibu humrudisha mtu kilabuni, mahali pekee ambapo hakuna anayemhukumu.

Baada ya wiki ya nane

Mwiteni tena mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12, nusu saa kila mara. Mpimeni pumzi, pitieni daftari, ulizeni mpango ulitumika lini mara ya mwisho na wapi ulikwama. Mwezi wa 3 ndio wa kuangalia sana, wakati leseni imerudi au inakaribia kurudi na woga wa mahakama umepoa.

Tofautisheni aliyekunywa na aliyekunywa akaendesha. Aliyeteleza akanywa, lakini funguo zikabaki kwa shemeji yake kama alivyoandika, mpango wake umefanya kazi. Mwulizeni kuhusu kunywa, msimrudishe mwanzo. Aliyeendesha baada ya kunywa, hata kama hakukamatwa, anarudi kwenye kurudisha siku nyuma siku hiyohiyo, saa 12 zilezile, na duara linatafutwa upya. Akirudia mara ya pili, apelekwe kwa daktari bila kujali alama zake.

Kila kikao cha ufuatiliaji kinaisha kwa karatasi mpya ya mpango, kwa sababu rafiki aliyeshika funguo Machi huenda Septemba amehamia Songea. Ya zamani ichanwe mbele yake, nakala moja ya mpya ibaki kwenye jalada, na nyingine aiweke pamoja na leseni.